Kiwanda cha Vibua cha Dry Fork

Bwana Stoddard, mkurugenzi wa kambi yetu ya Dry Fork, tulikofungiwa na serikali ya Marekani sisi wenye asili ya Japani wakati wa vita, alikuwa amesimamia maonyesho ya ng'ombe huko Iowa kwa miaka kumi na tisa, na bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda tu. Mtu huyo ndiye aliyeamua kwamba jangwani, kilomita mia tatu na hamsini kutoka kwenye tone la kwanza la maji ya chumvi, kijengwe kiwanda cha samaki.

Tusimlaumu bure. Alikuwa amesoma fomu zetu. Kwenye nafasi ya kazi, sisi watu wa Kisiwa cha Terminal tulikuwa tumeandika neno lilelile ukurasa baada ya ukurasa: samaki. Wanaume walivua, wanawake walipasua na kupakia makoponi, na hata mchungaji wetu aliandika kwamba Jumamosi hurekebisha nyavu. Wenzetu wa mjini, waliokuwa na maduka ya maua na ya kufulia nguo, walituita wanuka-vibua na kusogeza mabenchi yao tulipoketi karibu nao bwaloni. Sisi nasi hatukuwa mabubu, tuliwajibu mpaka wakajuta. Bwana Stoddard yeye hakusikia harufu yoyote. Aliona watu mia nne wenye ufundi wamekaa bure, akaona na jina lake gazetini.

Akamwita Tsuyako Iwagami ofisini.

"Bibi Iwagami, nasikia ulikuwa msimamizi wa meza ya samaki."

"Meza tatu, bwana. Wanawake sitini."

"Basi utasimamia kiwanda changu."

"Kiwanda gani?"

Akanyoosha kidole dirishani. Nje palikuwa na vumbi, baada ya vumbi seng'enge, na baada ya seng'enge vumbi la serikali pia.

"Bwana," Tsuyako akasema kwa adabu, "samaki wanakaa baharini."

"Hilo najua."

"Na sisi tulihamishwa kwa sababu tulikaa karibu na bahari. Tulipewa saa arobaini na nane tuondoke. Nikaacha hata sufuria jikoni."

"Umeona sasa!" Bwana Stoddard akafurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi mwepesi. "Nyinyi hamruhusiwi kwenda kwa samaki. Kwa hiyo samaki watakuja kwenu. Kwa treni."

Kicheko kilimpanda Tsuyako mpaka kooni, akakimeza. Wakati mwingine wowote angekitoa chote, maana wanawake wa kisiwani hatukulelewa kucheka kwa kuziba mdomo. Lakini kwenye droo ya meza ile mlikuwa na karatasi iliyomhusu mumewe, na mwenye shida haringi.

Mumewe, Yasaku, nahodha wa mashua ya vibua, alikamatwa mwezi wa pili akiwa na kandambili miguuni na kijiti cha meno mdomoni. Maofisa walipekua nyumba wakapata ramani ya bahari. Mvuvi ana ramani ya bahari! Wakapata na tochi. Wakamuuliza tochi ni ya nini, akajibu kwamba usiku huwa kuna giza, na jibu hilo likaandikwa kwenye faili kama ukaidi. Wakampeleka kaskazini kwenye kambi ya theluji, yeye na wazee wengine waliozaliwa Japani. Miezi minane baadaye baraza lililomsikiliza likasema halioni kosa lake. Anaweza kwenda kuishi na mkewe, mradi mkurugenzi wa kambi ya mkewe aandike kwamba familia ni watu wema na yeye hana pingamizi.

"Barua hii hapa," Bwana Stoddard akasema, akafungua droo na kuifunga, kama mtu anayemwonyesha paka dagaa. "Imeshapigwa chapa. Bado sahihi tu. Wageni kutoka Washington wanakuja tarehe ishirini na nne. Wakikipenda kiwanda, nitatia sahihi wakiwa hapahapa."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tsuyako akainama.

Maseremala wetu wakajenga banda kubwa, wakaweka meza kumi ndefu na mfereji wa maji katikati. Zikaletwa mashine ya kufunga makopo, kuukuu kama mzee mwenye meno mawili, na pipa la mvuke la kupikia ambalo zamani lilichemshia nguo za hospitali. Mlangoni likapigiliwa bango: KIWANDA CHA SAMAKI NAMBA MOJA. Masuye, rafiki wa Tsuyako, mwanamke asiyeweza kuweka neno mdomoni likalala, akasimama mbele ya bango akiwa ameshika kiuno.

"Namba moja! Kwa hiyo namba mbili watakiweka wapi, dada, mwezini?"

"Nyamaza, Masuye."

"Mie nimenyamaza. Nauliza tu, huko mwezini kuna treni?"

Lakini visu vilipogawiwa, hata Masuye aliacha mzaha. Vilikuwa sitini, vifupi, vyembamba, na wengine walivishika wakavigeuzageuza na machozi yakawatoka. Kwa miezi tulikuwa hatuna kazi ya mikono yetu, tunapanga foleni ya chakula, foleni ya choo, foleni ya sindano. Sasa mwanamke ana kisu chake na aproni yake na mahali pake mezani. Jioni askari mwenye bunduki alihesabu visu mara mbili, maana inajulikana kwamba mama wa watoto watano akikosa kurudisha kisu cha vibua, taifa zima la Marekani liko hatarini.

Treni ikaja tarehe ishirini na mbili, ikiwa imechelewa siku nne. Njiani behewa la samaki lilikuwa limewekwa kando mara sita ili treni za wanajeshi zipite, na barafu yote ilikuwa imeshakwenda zake. Askari wawili walifungua mlango wa behewa, wakarudi nyuma pamoja bila kuambiana.

Tsuyako alipanda peke yake. Alichukua kibua kutoka juu, mwingine kutoka katikati, wa tatu kutoka chini kabisa. Akatazama macho, yamezama. Akafungua matamvua, yamekuwa rangi ya matope. Akabonyeza nyama kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale. Mwisho akakata kipande chembamba, akakigusisha ncha ya ulimi, akatema. Ulimi ulimchonyota kama amelamba pilipili. Hapo hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kibua aliyekaa juani ana ubaya wake wa peke yake: umpike, umkaange, umchemshe tangu asubuhi mpaka jua litue, sumu ile haiondoki. Anayemla uso humwiva, kichwa humgonga, mwili humwasha, na mtoto mdogo au mgonjwa anaweza kwenda moja kwa moja.

Vibua wakamwagwa mezani hata hivyo, kwa sababu Bwana Stoddard alikuwa amesimama pale na saa mkononi. Wanawake sitini wakamtazama Tsuyako. Huko kisiwani tulikuwa na desturi moja ambayo hakuna tajiri wa kiwanda aliyewahi kuivunja. Samaki akiwa mbovu, msimamizi haongei wala habishani na mtu. Analaza kisu mezani, makali yakimwelekea mwenyewe, na wote wanalaza. Kisu kikishalala hakuna mtu atakayekiinua juu ya samaki wale, hata aahidiwe nini.

Tsuyako alisimama na kisu mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alimwona Yasaku kwenye theluji, na zile kandambili. Kisha akakilaza.

Visu vingine vikafuata, tak, tak, tak, mpaka meza ya kumi.

"Kuna nini?" Bwana Stoddard akauliza. "Mnasali?"

"Wameoza, bwana."

"Wana harufu kidogo. Samaki wana harufu. Si watachemshwa?"

"Kuchemsha hakusaidii. Ni kibua huyu. Atakayemla ataumwa."

"Hawa ni wa jeshi, Bibi Iwagami. Askari ni vijana wenye nguvu."

Kisha Masuye akasema kutoka meza ya pili, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Mpe mmoja ale yeye kwanza, nguvu si anazo?"

Bwana Stoddard akawa mwekundu hata bila kula. Akamvuta Tsuyako pembeni. Akamkumbusha habari ya droo. Tsuyako akajibu kwamba anakumbuka droo kila anapopumua, lakini kisu kimelala. Wakatazamana hivyo mpaka mbwa wa askari, ambaye siku zote hula hata kamba za viatu, alipokaribia meza, akanusa, akaondoka kwa haraka na mkia katikati ya miguu. Bwana Stoddard hakuwajua samaki, ila wanyama aliwajua. Akakunja uso kwa kufikiri, akaamuru vibua wote wazikwe nyuma ya seng'enge. Tani sita. Kwa siku tatu kunguru wa jimbo zima walitutembelea.

Jioni hiyo Tsuyako alirudi kwenye banda lao akiwa amekata tamaa. Mama mkwe wake, Bi Shige, alikuwa ameketi kwenye sanduku la machungwa akishona soksi.

"Umelaza kisu," Bi Shige akasema. Habari kambini hazihitaji miguu.

"Nimelaza, mama."

"Vizuri. Baba yake Yasaku angekuona angekupigia magoti." Akaendelea kushona. Baadaye akasema, bila kuinua macho, "Mimi nataka mwanangu aje, usifikiri sitaki. Miaka sabini na moja hii sina mingi ya kungojea. Lakini asije kwa mgongo wa wagonjwa."

Tsuyako akalia hapo hapo, kwa shukrani na kwa uchungu, na hakujificha uso.

Kumbe Bwana Stoddard hakuwa ameshindwa. Mtu aliyewahi kumpaka ng'ombe mzee rangi ya viatu ili ashinde zawadi haangushwi na behewa moja la samaki. Asubuhi ya tarehe ishirini na nne Tsuyako alikuta kwenye meza ya mbele makopo mia mbili yamepangwa vizuri kama mnara, yamebandikwa karatasi mpya ya picha ya tai na maneno VIBUA WA DRY FORK. Gundi ilikuwa bado mbichi.

"Yametoka wapi?" akauliza.

"Duka la mjini," Bwana Stoddard akanong'ona. "Ni samaki wazuri, hakuna atakayeumwa. Umeridhika? Nami nataka kwako kitu kidogo sana. Ukiulizwa, usinikane."

Tsuyako akachukua kopo, akaligeuza kutazama mfuniko, kama mfanyakazi yeyote wa makopo anavyofanya kabla hajajua anafanya. Kwenye bati palikuwa pamegongwa herufi ya kiwanda chao cha kisiwani, namba ya meza na wiki. Meza ya saba. Wiki ya pili ya mwezi wa kumi, mwaka jana. Ilikuwa moja ya meza zake tatu. Na wiki ile, dhoruba ilipovunja mashua nyingine gatini, ni mashua moja tu iliyokuwa imeshusha vibua pale kiwandani: ya Yasaku. Alikumbuka alivyoingia na mabuti yake yaliyojaa maji, akamwambia mbele ya watu wote, "Haya, mke wangu, nimewaleta. Usiniaibishe."

Akabaki ameshika kopo kifuani kama mtoto.

Wageni walikuwa watatu. Mkubwa wao alikuwa Kanali Tarrant wa chakula cha jeshi, mtu mnene mwenye sauti laini, na wawili waliandika kila alichosema, hata alipopiga chafya. Wanawake walikuwa wamesimama mezani wamevaa aproni nyeupe, visu mkononi, wakipasua hewa. Kopo likafunguliwa. Kanali akala kipande, akafumba macho, akala cha pili, kisha akamaliza kopo kwa uma bila kumkaribisha mtu.

"Mungu wangu," akasema. "Tangu vita ianze sijala kibua kama huyu. Nani amempakia?"

"Mimi, bwana," Tsuyako akasema.

Mpaka hapo hakuwa amesema uongo. Alikuwa amesema ukweli uliohamishwa makazi, kama sisi wenyewe. Lakini Kanali hakuishia hapo.

"Hapa? Katikati ya jangwa hili?"

Bwana Stoddard akaweka mkono kwenye mfuko wa koti. Kona ya barua ilionekana. Wanawake sitini waliacha kupasua hewa. Tsuyako alijua kabisa jibu ni nini, na alijua pia kwamba safari hii hakuna tumbo la mtu litakaloumia. Samaki ni wazuri. Nani atadhurika? Alijiuliza hivyo, akajijibu mwenyewe kwamba hakuna.

"Hapa," akasema.

Kanali akampa mkono. Barua ikatiwa sahihi jioni hiyo hiyo, mbele yake, kwa wino mwingi. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili Tsuyako alilala bila kugeuka. Kwa wiki tatu alitembea kambini amebeba furaha yake waziwazi. Aliomba mbao akaongeza kitanda, alibadilishana vocha za nguo apate shati la mwanamume, na Masuye akamtania mbele ya foleni nzima ya chakula kwamba bibi harusi amerudi ujanani, sasa tutahamia wapi sisi majirani, kuta zenyewe za karatasi.

Wiki ya nne akaitwa ofisini.

Bwana Stoddard alikuwa na bahasha mbili mbele yake. Safari hii hakutabasamu, na hilo Tsuyako aliliona kabla ya bahasha.

"Ya kwanza ni habari njema," akasema. "Kanali ameandika ripoti nzuri sana. Dry Fork imetangazwa rasmi kuwa kiwanda cha chakula cha jeshi."

"Kiwanda kipi, bwana? Hatujafunga hata kopo moja."

"Kimetangazwa." Akakohoa. "Ya pili inatoka kwa baraza la mumeo. Wanasema barua yangu ni nzuri na mumeo hana kosa. Lakini kuna sheria. Mtu yeyote aliyewahi kukamatwa kwa kushukiwa haruhusiwi kuishi karibu na kiwanda cha jeshi. Na kambi hii, kuanzia tarehe mosi, ni kiwanda cha jeshi."

Tsuyako hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akashika ukingo wa meza.

"Basi waambie ukweli. Waambie makopo yalitoka dukani. Niliyapakia kisiwani, mwaka jana. Samaki mwenyewe alivuliwa na mume wangu. Waambie nilidanganya mimi, waniadhibu mimi."

"Nikisema hivyo nafungwa pamoja na wewe, na kiwanda bado kitabaki kwenye orodha. Nimeuliza, unadhani sikuuliza? Nimeomba kifungwe." Kwa kweli alikuwa na uso wa mtu aliyeomba. "Wamesema ili kiwanda kifungwe sharti aje mkaguzi ahakiki mitambo yake moja moja, aandike kwamba imesimama. Mkaguzi amekuja juzi. Alichoona ni mashine ile mbovu na pipa la kuchemshia nguo, akasema hiyo si mitambo. Ameandika kwamba hawezi kufunga kitu ambacho hakipo."

"Basi nipelekeni mimi kwake. Kwenye theluji. Leo."

"Haiwezekani, Bibi Iwagami. Wewe ni mfanyakazi wa lazima wa kiwanda, huruhusiwi kuondoka."

Nje, upepo ulikuwa unapiga vumbi kwenye bati. Bwana Stoddard alisema anasikitika, na huenda alisikitika kweli, maana alimfungulia mlango mwenyewe.

Bi Shige alikuwa kwenye kizingiti cha banda, amevaa shali lake zuri. Alikuwa ameambiwa kwamba mkwewe ameitwa kuhusu Yasaku, na tangu asubuhi hakutaka kukaa ndani.

"Wamesema siku gani?" akauliza.

Tsuyako alikuwa amepanga maneno njiani. Angesema sheria, angesema Kanali, angesema mkaguzi, na yote yangekuwa kweli. Akamtazama mama huyu mdogo, uso wake umekunjamana kwa jua na matumaini, na maneno yote yakamkimbia isipokuwa yale yaliyokuwa yake.

"Haji, mama. Mimi ndiye niliyemzuia. Waliniuliza nikasema hapa."

Bi Shige alivua shali, akalikunja mara nne, polepole, akaingia ndani. Na Tsuyako akabaki nje, kwa sababu hakujua kama amekaribishwa.